Redio ya Mpima Ardhi: Ikikatika, Pesa ya Kikundi Inakwenda



Siku hizi mpima ardhi, yule wengi wetu tunamwita saveya, haji tena na mnyororo na darubini ya miguu mitatu peke yake. Anakuja na vyombo viwili vinavyofanana na uyoga. Kimoja anakisimamisha mahali pamoja na hakitoki hapo siku nzima. Cha pili kiko juu ya fimbo na anatembea nacho. Halafu kazi ikiwa katikati mnamwona amesimama. Anageuza fimbo huku na huku, anatazama kioo, anapanda kichuguu, anarudi. Saa moja inapita, ya pili inapita. Mkiuliza anasema, "Redio imekatika." Jioni anaomba aongezewe siku, na siku moja ya mpima ardhi ni pesa ya merigoraundi ya miezi mingi.

Hapa tutaeleza redio hiyo ni ya nini, kwa nini inakatika, na ni kitu gani kiboreshwe kwanza. Nasema "kwanza" maanake watu wengi wakisikia redio imekatika hukimbilia kutafuta redio kubwa zaidi. Mara nyingi hiyo si dawa, na mtakaolipa ni ninyi.

VYOMBO VIWILI NI VYA NINI?

Simu ya mkono yenye GPS inaweza kukuonyesha uko wapi, lakini inakosea kwa mita kadhaa. Kwa kutafuta nyumba ya harusi, hiyo yatosha. Kwa kuweka bikoni au kupima mteremko wa maji, haitoshi hata kidogo. Satelaiti hizo ziko juu zaidi ya kilomita 20,000, na mawimbi yake yakipita angani yanacheleweshwa kidogo. Kuchelewa huko ndiko kunakoleta sehemu kubwa ya kosa.

Lakini kuna bahati moja. Vyombo viwili vikiwa karibu, makosa yao huwa karibu sawa. Basi mpima huweka kimoja, tukiite besi, juu ya alama ambayo mahali pake panajulikana. Besi inasikiliza satelaiti, na kila sekunde inatangaza kwa redio yale iliyoyasikia. Kile cha kutembea, tukiite rova, kinasikiliza satelaiti zile zile na pia kinasikiliza besi. Rova inalinganisha, makosa yanakatana, na kosa linalobaki ni sentimita moja au mbili kwa upande, na kama mara mbili ya hapo kwa kimo. Ukienda mbali na besi, kila kilomita moja inaongeza kama milimita moja.

Kwenye kioo cha rova utaona neno FIXED, ambalo mafundi husema fiksi. Hapo hesabu imekamata na mnaweza kuamini sentimita. Ukiona FLOAT, yaani floti, hesabu bado inaelea, na kosa laweza kuwa nusu mita au hata zaidi. Nusu mita si kitu kidogo. Chukua mfereji wa kumwagilia unaoshuka mita 1 katika kila mita 500. Nusu mita ya kosa ni mteremko wote wa mita 250 za mfereji huo. Mtachimba kwa jembe na sururu wiki mbili, kina mama wabebe mawe, halafu maji yafike mahali fulani yasimame. Hakuna atakayekumbuka kwamba siku ya kupima kioo kilikuwa kinasema floti.

KWANZA JUENI KAMA SHIDA NI REDIO KWELI

Si kila kusimama kwa mpima ni kosa la redio. Kuna namba moja ambayo hata mweka hazina asiyejua chochote cha upimaji anaweza kuomba kuonyeshwa. Ni umri wa masahihisho, yaani ni sekunde ngapi zimepita tangu rova iliposikia besi mara ya mwisho. Redio ikiwa nzima namba hiyo inacheza kwenye 1 au 2. Ikianza kupanda 5, 10, 20, basi rova haisikii besi, na kweli redio ndiyo mgonjwa.

Lakini umri ukiwa 1 au 2 na bado kioo kinasema floti, msilaumu redio. Tazameni juu. Mko chini ya mwembe, au kwenye migomba, au mmebanwa na jabali, na rova haioni satelaiti za kutosha. Hata mkileta redio yenye nguvu mara kumi, haitafukuza majani ya mwembe. Sogeeni, au mpima apime hapo kwa njia nyingine. Na sisi tulio karibu na ikweta tuna shida yetu: baada ya jua kutua hewa ya juu sana huchafuka, zaidi katika miaka ambayo jua lina nguvu nyingi, na fiksi inakuwa ngumu hata redio ikiwa safi. Kazi ya kulazimisha giza likiingia si ya kuaminiwa.

Wapima wengine hawapendi kuulizwa maswali haya. Ulizeni tu. Ni kazi yenu.

ANTENA KABLA YA NGUVU

Sasa tuseme umri unapanda. Redio nyingi za kazi hii zinatumia masafa ya kati ya megahezi 403 na 473. Mawimbi hayo hayapindi sana kufuata vilima. Yanapenda kuonana, kama watu wawili wanaoitana ng'ambo ya bonde: mmoja akiingia nyuma ya kilima, sauti inapotea hata akipiga kelele kiasi gani.

Redio ndogo iliyo ndani ya besi yenyewe mara nyingi ina nguvu ya wati 1 au 2. Redio kubwa ya nje inafika wati 35. Mtu akisikia hivyo anafikiri umbali utaongezeka mara 17. Sivyo. Mawimbi yanayosafiri karibu na ardhi hufifia haraka sana, na ili umbali uongezeke mara mbili unahitaji nguvu kama mara 16. Kwa hiyo kutoka wati 2 mpaka wati 35 mnapata umbali kama mara mbili, basi.

Urefu wa antena ni hadithi nyingine. Kila ukizidisha urefu mara mbili ni karibu sawa na kuzidisha nguvu mara nne. Antena iliyokuwa mita moja na nusu kutoka chini, ukiipandisha mpaka mita 6, umefanya kazi ile ile ambayo ingefanywa na redio ya nguvu mara 16. Na mlingoti wa mita 6 ni nini? Ni mabomba mawili ya maji yaliyoungwa, kamba tatu na vigingi vitatu. Fundi wa kijiji anautengeneza asubuhi moja.

Angalieni hapa, maana watu hukosea: kinachopanda mlingotini ni antena ya redio peke yake. Chombo cha satelaiti kinabaki pale pale juu ya alama, kwenye miguu yake mitatu, kimo chake kimepimwa kwa futi kamba na kuandikwa. Mkiinua hicho mmeharibu kipimo chote. Mlingoti ukae mita chache pembeni, redio isisumbue usikivu wa satelaiti.

Baada ya mlingoti mtazame waya unaotoka kwenye redio kwenda antena. Hapa ndipo nguvu nyingi hupotea na hakuna anayeona. Waya mwembamba wa aina ya RG-58, ukiwa mita 10, unakula zaidi ya nusu ya nguvu kabla haijafika juu. Umenunua wati 35 na unatangaza kama wati 16. Waya mnene wa aina ya LMR-400, urefu huo huo, unakula karibu moja kwa tano tu. Viungio navyo vikaguliwe. Kiungio kilicholegea, chenye kutu au kilichoingia maji kinaweza kuzima kazi yote, na kukibadilisha ni pesa kidogo sana ukilinganisha na redio mpya. Viungio vya nje vifungwe kwa utepe wa mpira usiopitisha maji.

Antena nayo ina kipimo chake. Ile ya robo ya wimbi kwa megahezi 450 ina urefu wa kama sentimita 17. Antena ya masafa mengine inaingia kwenye kiungio vizuri kabisa, inapendeza, lakini haifanyi kazi sawasawa. Na redio isiwashwe kamwe kutangaza bila antena. Nguvu ikikosa pa kutokea inarudi ndani na inaweza kuiunguza.

USALAMA WA MLINGOTI

Sitaruka jambo hili hata kama linajulikana. Msisimamishe mlingoti wa chuma karibu na nyaya za stima. Pimeni kwa macho: ukianguka upande wowote, je, utagusa waya? Kama ndiyo, tafuteni mahali pengine. Mawingu ya radi yakianza kujikusanya, mlingoti ushushwe na watu waondoke hapo, hata kama zimebaki bikoni mbili tu. Tena antena inayotangaza kwa wati 35 si ya kuegemewa. Watoto wakae mbali nayo mita kadhaa.

REDIO ISIYOLINGANA

Wakati mwingine antena iko juu, waya ni mzuri, na bado rova ni kiziwi. Hapo mara nyingi redio mbili hazizungumzi lugha moja. Lazima zilingane masafa, upana wa njia (kilohezi 12.5 au 25), mwendo wa data, aina ya lugha ya redio, na hata kile kirekebisha makosa cha redio kiwe kimewashwa kote au kimezimwa kote. Moja tu ikitofautiana hakuna kinachosikika. Mpima aandike mipangilio hii kwenye karatasi na kuibandika ndani ya sanduku la redio.

Kuna shida moja imekuja na vyombo vipya. Zamani besi ilikuwa inatangaza habari za satelaiti za GPS ya Marekani peke yake. Leo chombo kizuri kinasikiliza pia GLONASS ya Urusi, Galileo ya Ulaya na BeiDou ya China. Hiyo ni faida kubwa, hasa mahali penye miti. Lakini besi sasa ina mengi ya kusema kila sekunde. Redio ya zamani yenye mwendo wa biti 4,800 kwa sekunde haiwezi kupitisha zaidi ya baiti 600, na habari za satelaiti zote zaweza kuzidi hapo. Ni kama kupakia watu 25 kwenye matatu ya watu 14: wengine watabaki stejini. Ndiyo maana utakuta mtu amenunua besi mpya ya bei kali, akaiunga na redio yake ya zamani, na mambo yakawa mabaya kuliko mwanzo.

Dawa ni mbili. Ama aongeze mwendo wa redio mpaka 9,600 au 19,200 kama redio inakubali na leseni inaruhusu upana huo, ama apunguze maneno, yaani achague namna ya kutangaza iliyo fupi zaidi au aache kundi moja la satelaiti. Kuongeza mwendo kuna gharama yake: redio inayosema haraka husikika karibu zaidi. Kama kazi yenu iko mbali na besi, mimi ningeanza kwa kupunguza maneno.

MAHALI PENYE MABONDE

Tuchukue Bonde la Kerio, upande wa Marakwet. Wamarakwet wamevuta maji kwa mifereji kutoka kwenye ukingo mpaka mashamba ya chini kwa vizazi vingi, bila satelaiti yoyote. Leo kikundi kikitaka kupima mfereji mpya au bomba sehemu kama Tot au Chesongoch, kinakutana na ukuta wa mlima unaoshuka zaidi ya mita 1,000, wenye vijilima vilivyotokeza na makorongo katikati. Besi ikiwa bondeni, rova ikizunguka kijilima kimoja tu, kimya.

Wazo la kwanza la kila mtu ni kupeleka besi juu ukingoni, mahali inapoona bonde lote. Kwa redio ni wazo zuri. Kwa kipimo si zuri. Besi ikiwa mita 1,000 juu ya rova, hewa iliyo kati yao haifanani, na sentimita kadhaa za kimo zinaweza kuingia kwenye hesabu hata kioo kikisema fiksi. Kwa mfereji, kimo ndicho kila kitu.

Kwa hiyo besi ibaki chini, karibu na kazi, na juu ukingoni au kwenye kijilima ipelekwe redio ya kupokezana. Hiyo ni redio ya tatu, haina chombo cha satelaiti. Inasikia besi, halafu inasema tena yale yale ili rova iliyo upande wa pili isikie. Redio nyingi za nje zinaweza kupangwa kufanya kazi hiyo, kwa hiyo huenda mpima tayari anayo. Kumbukeni tu kwamba kila neno sasa linasemwa mara mbili katika sekunde hiyo hiyo, basi ile habari ya kupunguza maneno inakuwa ya lazima.

Redio hiyo inataka betri na inataka mlinzi. Redio ya wati 35 ikitangaza inakula umeme mwingi, na betri ya gari iliyochoka inashusha volti kabla ya saa sita, na redio inafifia pole pole bila mtu kujua. Betri ichajiwe usiku, na ya pili iwepo. Mlinzi awe mtu mzima mwenye simu, siyo mtoto aliyeachwa na mbuzi. Kazi hiyo kikundi kinaweza kuitoa kama mchango wake na kupunguziwa bei.

MAHALI PENYE MTANDAO WA SIMU

Pengine redio haihitajiki kabisa. Besi inaweza kutuma habari zake kwa intaneti na rova ikazipokea kwa kadi ya simu. Hata ikituma baiti 1,000 kila sekunde, ni kama megabaiti 3.6 kwa saa, chini ya megabaiti 30 kwa siku ya kazi ya saa nane. Bando hilo ni dogo kuliko la kijana anayetazama video jioni moja. Vilima havisumbui, mradi pande zote mbili zina mtandao. Lakini besi isiwe mbali sana kwa sababu tu simu inafika: kwa kilomita 30 ile milimita moja ya kila kilomita imekuwa sentimita tatu.

Kabla ya kukubaliana bei, mtu mmoja wa kikundi atembee njia yote ya bomba au mpaka akiwa na simu za kampuni mbili, aandike mtandao unapopotea. Ni kazi ya asubuhi moja na inaweza kuwaokoa siku nzima ya kulipia.

LESENI

Masafa ya redio si ya bure. Nchini Kenya yanatolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, kwa sheria ya mwaka wa 1998 na marekebisho yake. Mpima anayetangaza kwa masafa ambayo si yake anaweza kuingilia redio za walinzi au za hospitali, nao wakamwingilia yeye. Ombeni nakala ya leseni yake.

Tena jihadharini na redio za mitumba kutoka Marekani. Kule masafa ya megahezi 902 mpaka 928 yanaruhusiwa bila leseni na redio nyingi za upimaji zilitengenezwa kwa ajili hiyo. Hapa kwetu sehemu ya masafa hayo hutumiwa na simu za mkono. Bei yake itakuvutia, lakini hapa si ya kuwashwa.

KABLA YA KULIPA

Redio hubeba inachopewa. Kama besi iliwekewa namba za mahali zisizo sahihi, redio nzuri kabisa itapeleka kosa hilo mpaka bikoni ya mwisho, na kioo kitasema fiksi mchana kutwa. Ramani zetu nyingi za zamani zinatumia mfumo unaoitwa Arc 1960, ambao unatofautiana na ule wa satelaiti kwa mamia ya mita. Kwa hiyo asubuhi, kabla ya kazi, mpima aende na rova kwenye alama nyingine inayojulikana, aipime, na mwone kama jibu linakubaliana na lile lililoandikwa.

Katika makubaliano andikeni mambo machache. Kwamba hakuna sehemu itakayorekodiwa kioo kikisema floti. Kwamba siku ikipotea kwa sababu ya redio, betri au waya wake, hasara ni yake, na ikipotea kwa sababu kikundi hakikufyeka njia au hakikuleta mlinzi, hasara ni yenu. Kwamba vyombo vyote viwili vitakuwa vinahifadhi data zao wakati wote, ili redio ikishindwa kabisa, zile sehemu ambazo rova ilikaa muda wa kutosha zihesabiwe jioni kwenye kompyuta. Njia hiyo haihitaji redio hata kidogo, ila haiwezi kumwonyesha mtu papo hapo mahali pa kuchimbia bikoni.

Na jioni, kabla mlingoti haujashushwa, mrudi pamoja mpaka kigingi cha kwanza cha asubuhi. Mpima azime rova, aiwashe tena, angoje fiksi mpya, apime. Mweka hazina aandike namba zote mbili kwenye daftari la kikundi, ya asubuhi na ya jioni. Zikipishana kwa sentimita mbili au tatu, mfuko ufunguliwe. Zikipishana kwa mkono mzima, aeleze kwanza.